Mchezo Alioshindwa Capablanca

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili amenitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Nimemchagua mtu ambaye hakuongoza jeshi, wala hakutawala nchi, wala hakuvumbua dawa. Kazi yake kubwa ilifanyika juu ya ubao mdogo wenye miraba 64. Jina lake ni José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji toka mwaka 1921 hata mwaka 1927. Na katika michezo yake yote nitaeleza mmoja tu kwa urefu, nao ni mchezo alioshindwa. Sababu yangu ni hii.

Nilipokuwa mwaka wa tatu katika shule hii, nilichezea bweni letu katika fainali ya sataranji. Nilishindwa mbele ya bweni zima, na aliyenishinda alikuwa nyuma yangu kwa darasa moja. Usiku ule nilitoa sababu nyingi: kichwa kiliniuma, taa ilikuwa hafifu, mwenzangu alikuwa akigongagonga meza kwa vidole. Karatasi niliyoandikia hatua za mchezo niliichana vipande vipande nikavitupa. Asubuhi yake mwalimu aliyesimamia chama chetu cha sataranji aliniita, akaiomba ile karatasi. Nikamwambia nimeichana. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba mtu akiichana karatasi ya namna ile, mwaka ujao hushindwa tena kwa kosa lilelile. Kisha akanipa kitabu kikuukuu kilichoandikwa na Capablanca, akanifungulia ukurasa wenye mchezo mmoja, akaniambia niucheze wote peke yangu mpaka nione mahali mwandishi wa kitabu aliposhindwa. Nikipaona, nirudi kumwambia.

Nilirudi kwake mara nne. Lakini kabla ya kuwaeleza habari hiyo, yafaa mmjue kwanza mwenye mchezo.

Capablanca alizaliwa Havana, mji mkuu wa Kuba, tarehe 19 Novemba 1888. Wakati huo kisiwa kile kilikuwa bado chini ya Hispania, na baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alipokuwa na umri wa miaka minne alizoea kusimama kando ya meza na kumtazama baba yake akicheza sataranji na rafiki yake. Hapakuwa na mtu aliyemfundisha. Siku moja baba alimpeleka farasi kwenye mraba ambao sheria haimruhusu, na mtoto akacheka. Baba hakupendezwa, akataka kujua mtoto mdogo vile anaelewa nini. Mtoto akaonyesha kosa lilipokuwa, kisha akaketi kucheza na baba yake, akamshinda.

Mwaka 1901, alipokuwa ndiyo kwanza anafikia miaka 13, alipambana na Juan Corzo, bingwa wa Kuba. Mtoto alishinda michezo 4, akashindwa 3, na iliyobaki ilitoka sare. Baadaye akapelekwa Marekani kusoma, na mwaka 1906 akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, kujifunza uhandisi wa kemia. Masomo hayo hakuyamaliza, kwa maana moyo wake ulikuwa katika chama cha sataranji cha Manhattan kuliko katika vitabu. Mwaka 1909 alipambana na Frank Marshall, aliyekuwa mchezaji hodari kabisa wa Marekani. Wengi walidhani kijana atapata somo. Naye akashinda michezo 8, akashindwa mmoja tu, na 14 ikatoka sare.

Mwaka 1911 alialikwa katika mashindano makubwa ya San Sebastián huko Hispania. Mchezaji mmoja mashuhuri, Ossip Bernstein, alipinga kuingizwa kwake, akiona kwamba hajafanya makubwa ya kutosha kukaa meza moja na mabingwa. Katika raundi ya kwanza Capablanca alimshinda Bernstein huyo huyo, na mwisho akawa wa kwanza katika mashindano yote. Tangu siku hiyo watu wakaanza kuulizana ni lini atakutana na bingwa wa dunia.

Bingwa huyo alikuwa Emanuel Lasker wa Ujerumani, mtaalamu wa hesabu, aliyezaliwa mwaka 1868 na kushika ubingwa tangu mwaka 1894. Mwaka 1911 wawili hawa walijaribu kupatana juu ya pambano, lakini hawakukubaliana juu ya masharti, na urafiki wao ukaharibika. Basi walipokutana St. Petersburg, Urusi, mwaka 1914, kila mtu alijua kwamba kati yao pana jambo. Lasker alikuwa na miaka 45. Capablanca alikuwa na miaka 25, naye alikuwa amekwisha kupewa kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Kuba.

Mashindano yale yalikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza Capablanca alipata pointi 8 katika michezo 10, na Lasker pointi 6 na nusu. Watano wa mbele, yaani hao wawili pamoja na Alekhine, Tarrasch na Marshall, wakaingia sehemu ya pili wakiwa na pointi zao zilezile, na kila mmoja akacheza mara mbili na kila mwenzake. Lasker akaanza kushinda na kushinda, akimkaribia kijana siku kwa siku. Walipokutana kwa mara ya pili katika sehemu hiyo, mwezi Mei, Capablanca alikuwa bado mbele kidogo. Sare ingemtosha. Lasker alihitaji ushindi. Naye Lasker ndiye aliyekuwa na kete nyeupe.

Sasa mwenye ubao na aulete. Kwa wasiozoea, nasema hivi: safu za wima huitwa kwa herufi a mpaka h, toka kushoto kwenda kulia kwa mwenye kete nyeupe, na safu za ulalo huhesabiwa 1 mpaka 8, toka upande wake kwenda upande wa mwenye nyeusi. Hivyo kila mraba una jina lake. Kete ndogo za mbele nitaziita askari, nyingine ni farasi, askofu, ngome, malkia na mfalme.

Lasker alianza kwa askari e4, Capablanca akajibu e5. Farasi mweupe akaja f3, farasi mweusi c6, na askofu mweupe akaenda b5. Huu ni ufunguzi wa zamani sana, unaoitwa kwa jina la Ruy López, padri wa Hispania wa karne ya 16. Capablanca akasogeza askari a6 kumsumbua askofu, na askofu, badala ya kurudi nyuma, akamla farasi wa c6. Capablanca akamla huyo askofu kwa askari wake wa d. Kisha Lasker akasukuma d4, askari wakaliana pale katikati, na hata hatua ya 7 ilipokwisha, malkia wote wawili walikuwa nje ya ubao.

Watu walistaajabu. Mtu mwenye haja ya kushinda atawatoaje malkia mapema vile, katika ufunguzi uliojulikana kwa sare? Lakini tazameni askari waliobaki. Upande wa mfalme Lasker alikuwa na askari wanne dhidi ya watatu. Upande wa pili Capablanca naye alikuwa na wanne dhidi ya watatu, ila wawili kati yao walisimama katika safu moja ya c, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa hiyo nguvu yao ilikuwa kama ya watatu. Kete nyingine zote zikiisha, Lasker ndiye atakayepata askari wa kupita. Malipo ya Capablanca kwa kasoro hiyo ni kwamba alikuwa bado na maaskofu wote wawili, na maaskofu wawili wakipata njia wazi huwa hatari sana. Maana yake, mwenye kete nyeusi hawezi kukaa kimya. Sharti afungue njia, ashambulie, atafute. Hapo ndipo ulipokuwa mtego wa Lasker: alimpa kijana nafasi isiyotaka utulivu, katika siku ambayo kijana alitaka utulivu.

Kete zikaendelea kutoka: askofu mweusi d6, farasi mweupe c3, farasi mweusi e7, na kila mmoja akamhamisha mfalme wake pamoja na ngome. Hatua ya 10 Lasker alisukuma askari f4, na Capablanca akaweka ngome e8. Hatua ya 11 farasi mweupe wa d4 akarudi b3, na Capablanca akasogeza askari wake f6. Ndipo hatua ya 12 Lasker akafanya jambo lililowashangaza wengi: akasukuma tena yule askari, mpaka f5. Kwa kufanya hivyo alimwacha askari wake wa e4 nyuma bila mwenzi wa kumlinda, na mraba wa e5 akauachia adui. Lakini alipata vitu viwili. Askofu mweusi wa c8 alizibiwa njia yake, na mraba wa e6, ulio ndani kabisa ya nchi ya Capablanca, sasa haukuwa na askari mweusi wa kuulinda. Kumbukeni mraba huo.

Capablanca akacheza b6, apate kumtoa askofu wake kwa upande wa pili. Hatua ya 13 Lasker akaweka askofu f4, uso kwa uso na askofu wa d6. Hapa Capablanca angeweza kumla yeye kwanza, kisha asukume askari c5 na kuwafungulia wengine njia. Hakufanya hivyo. Aliweka askofu wake b7, na hatua ya 14 Lasker akamla yule wa d6, na askari mweusi wa c7 akaja d6 kulipa. Kwa macho ilionekana kwamba Capablanca amepona, kwa kuwa wale askari wawili wa safu moja sasa wamesimama bega kwa bega, c6 na d6. Lakini askari wa d6 amekuwa dhaifu, maaskofu wawili wamebaki mmoja, na huyo mmoja wa b7 anatazama mgongo wa askari wake mwenyewe wa c6.

Hatua ya 15 farasi mweupe akaja d4, na mtoto yeyote angeona anakokwenda. Kama askofu angerudi c8, e6 ingepata mlinzi. Capablanca akachezesha ngome d8, na hatua ya 16 farasi akaingia e6. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Farasi yule alikaa e6 katika muda wote wa vita, akizuia ngome mbili, na hakuna kete ndogo ya Capablanca iliyoweza kumfikia.

Kuanzia hapo Lasker hakuwa na haraka. Hatua ya 17 mpaka ya 19 aliweka ngome zake mbili katika safu ya d, zikimkabili yule askari dhaifu. Hatua ya 20 akasukuma askari b4, kuwazuia askari weusi wa upande ule wasisogee. Capablanca alikuwa na dawa moja chungu: kutoa ngome yake moja kumla farasi wa e6, kisha amle na askari atakayekuja mahali pake. Angepoteza kidogo, lakini pingu zingekatika, na pengine angeokoa sare. Kutoa ngome kwa hiari ni vigumu kwa mtu anayeamini kwamba bado hajadhurika. Badala yake, hatua ya 21 alimrudisha askofu mpaka pembeni kabisa, a8.

Lasker akaanza kusogea upande wa mfalme, g4, kisha h4, na mfalme wake akitembea mbele pamoja na askari kama jumbe anayekwenda shambani na watu wake. Capablanca naye akafungua safu ya a: hatua ya 24 alisukuma a5, na hatua ya 25 akamla askari wa b4, na Lasker akalipa. Sasa safu ya a ilikuwa wazi, na ngome ya Capablanca ilikuwa imesimama pale pale, a7, tayari kushuka. Lakini hatua ya 26 aliiondoa ngome hiyo akairudisha e7 kulinda. Alifungua njia kwa mkono wake, kisha akaiacha. Ikumbukeni na njia hiyo.

Hatua ya 28 na ya 29 Capablanca alisukuma g6 na g5, akitaka kufunga kila kitu. Hatua ya 31 askari wakaliana, na safu ya h ikafunguka, na ngome mbili za Lasker zikahamia huko. Hatua ya 33 mfalme mweusi akaenda e8. Kila kete ya Capablanca ilikuwa na mzigo wa kulinda, wala hakuna iliyokuwa na pa kwenda. Hata hivyo ukuta ulikuwa bado umesimama, na Lasker alihitaji ufunguo wa mwisho. Ufunguo ulikuwa farasi wake wa pili, aliyekuwa amekaa c3 tangu mwanzo akizuiwa na askari wake mwenyewe wa e4.

Hatua ya 35 Lasker akamsukuma askari huyo, e5, akamtoa bure. Capablanca akamla. Mraba wa e4 ukawa mtupu, na farasi wa pili akaruka pale. Farasi mweusi akaja d5, na hatua ya 37 yule farasi wa e6 akaondoka hatimaye, akaingia c5, akishika ngome ya d7 na askofu wa b7 kwa wakati mmoja. Askofu akakimbilia c8, na ngome ikaliwa kwa farasi. Hatua ya 39 ngome nyeupe ikaingia h7. Na hatua ya 40 ngome ya pili ikaenda a1, katika ile safu ya a aliyoifungua Capablanca mwenyewe, na hatua ya 41 ikashuka mpaka a8 na kumtishia mfalme. Askofu akajiweka katikati, farasi mweupe akaja c5, na baada ya hatua 42 Capablanca akakubali kwamba ameshindwa.

Basi nirudi kwa mwalimu wangu. Mara ya kwanza nilimwambia kwamba Capablanca alishindwa hatua ya 37, farasi alipozishika kete mbili. Mwalimu akasema hapo ni mahali alipolipa deni, nikatafute mahali alipokopa. Mara ya pili nikasema hatua ya 26, alipoiacha safu ya a. Akasema ni kweli lile lilikuwa kosa, lakini mtu mwenye nafasi nzuri halazimiki kuiacha njia yake ili akalinde. Kwa nini alikuwa akilinda? Mara ya tatu nikasema hatua ya 16, farasi alipoingia e6. Akaniuliza ni nani aliyeacha mlango wazi. Nikarudi bwenini nikakaa na ubao mpaka kengele ya kulala. Nikaona hatua ya 15, askofu asiporudi c8. Nikaona hatua ya 13, asipomla askofu wa mwenzake. Na nyuma ya hizo zote nikaona jambo ambalo halikuandikwa kwa namba, kwamba toka hatua ya 8 mpaka ya 15 Capablanca hakucheza hatua hata moja ya kutafuta. Kila moja ilikuwa ya heshima, ya usalama, ya mtu anayengoja siku iishe.

Mara ya nne nikamwambia mwalimu hivyo. Akaridhika, akaniambia sasa nikae niuandike upya mchezo wangu mwenyewe kwa kukumbuka.

Na Capablanca je, baada ya siku ile? Raundi iliyofuata alishindwa tena, na Tarrasch. Nadhani kila mchezaji anaijua hali hiyo, kwamba mchezo mmoja uliopotea unavuta mwingine. Mwisho wa mashindano Lasker alikuwa na pointi 13 na nusu, Capablanca 13. Nusu pointi tu.

Halafu vikaja Vita Kuu vya kwanza, na mashindano makubwa ya Ulaya yakasimama. Capablanca akacheza Marekani. Mwezi Februari 1916 alishindwa na Oscar Chajes mjini New York, na baada ya hapo hakushindwa tena katika mchezo wa mashindano hata mwezi Machi 1924, miaka 8 kamili. Watu wakaanza kumwita mashine. Mwaka 1921 akakutana na Lasker mjini Havana kwa ajili ya ubingwa wa dunia. Safari hii alishinda michezo 4, 10 ikatoka sare, na Lasker hakupata ushindi hata mmoja. Mtoto wa Havana akawa bingwa wa dunia katika mji aliozaliwa.

Mwaka huohuo 1921 kikatoka kitabu chake cha kuwafundisha wanaoanza, ndicho hicho nilichopewa na mwalimu. Hapa ndipo ninapomheshimu mtu huyu kuliko mahali pengine pote. Alikuwa bingwa, hakuna aliyemshinda kwa miaka mitano, na dunia nzima ilitaka kuona ushindi wake. Naye katika kitabu kile akatia michezo kadhaa aliyoshindwa, na mmojawapo ni huu wa St. Petersburg, akaonyesha makosa yake mwenyewe ili mwanafunzi asiyejulikana, katika nchi asiyoijua, ajifunze. Hakusema kichwa kilimwuma. Hakusema taa ilikuwa hafifu.

Ningependa niishie hapo, lakini maisha ya mtu hayaishii pale panapotupendeza. Miaka ya ushindi ina hatari yake. Mwaka 1924 Richard Réti alimshinda New York na kuikata ile miaka 8, na katika mashindano hayo hayo Lasker, mwenye miaka 55, akawa wa kwanza, Capablanca wa pili. Mwaka 1927 alikwenda Buenos Aires, Ajentina, kuutetea ubingwa wake mbele ya Alexander Alekhine, yule aliyekuwa wa tatu St. Petersburg. Alekhine hakuwa amemshinda hata mara moja kabla ya hapo. Lakini Alekhine alikuwa ameichukua michezo ya Capablanca, ile ya ushindi pamoja na ile ya kushindwa, akaichunguza mmoja mmoja, akitafuta mahali bingwa anapolegea. Kwa upande wake, Capablanca hakuwa mtu wa kujitayarisha sana. Aliyategemea macho yake, ambayo tangu utotoni hayakumdanganya mara nyingi.

Walicheza michezo 34, kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Novemba. Alekhine alishinda 6, Capablanca 3, na 25 ikatoka sare. Mchezo wa mwisho uliahirishwa kabla haujakwisha, na Capablanca hakurudi ubaoni. Aliandika barua ya kukubali kushindwa. Alitaka pambano la marudio, wakavutana juu ya masharti, na pambano hilo halikufanyika kamwe. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kitabu hakikuniambia: ukiacha kuichunguza michezo yako uliyoshindwa, yuko mtu mwingine atakayeichunguza kwa niaba yako, naye hatakuletea majibu kwa upole.

Lakini Capablanca hakuvunjika. Mwaka 1935, mjini Moscow, Lasker alimshinda tena, na Lasker siku hizo alikuwa na miaka 66, amekwisha kuikimbia Ujerumani kwa kuwa alikuwa Myahudi. Mwaka uliofuata Capablanca akarudi Moscow akawa wa kwanza, na mwaka huohuo 1936 huko Nottingham, Uingereza, alishika nafasi ya kwanza pamoja na Mikhail Botvinnik. Mwaka 1939 aliichezea nchi yake Kuba katika mashindano ya mataifa huko Buenos Aires, mji uleule aliopotezea ubingwa, akapata tuzo ya mchezaji bora katika meza ya kwanza.

Wote wawili walimalizia maisha yao New York. Lasker alifariki tarehe 11 Januari 1941. Jioni ya tarehe 7 Machi 1942 Capablanca alikuwa katika chama kile kile cha Manhattan cha ujana wake, akitazama watu wakicheza, alipoanguka ghafula. Alifariki siku ya pili, tarehe 8 Machi, akiwa na miaka 53, katika hospitali ileile alimofia Lasker. Mwili wake ulirudishwa Havana ukazikwa huko.

Nami nimalizie deni langu. Mchezo wangu wa fainali niliuandika upya, na ulinichukua siku tatu kuukumbuka. Kosa langu halikuwa lile lililochekwa na bweni zima, la kuacha malkia aliwe. Lilikuwa hatua ya 9, nilipoona kwamba mwenzangu ni mdogo kwangu, nikasogeza askari wa pembeni bila kufikiri, kwa kungoja akosee. Kichwa hakikuniuma. Nilikwenda kwa kijana yule, nikamwambia kwamba alinishinda kwa haki, na nikamwomba anionyeshe alifikiri nini. Tulikaa na ubao mpaka chakula kikapoa.

Mwaka uliofuata nilishindwa tena katika fainali, lakini kwa kosa jingine. Mwalimu alipoiona karatasi yangu, nzima, imekunjwa vizuri, alicheka akasema huo ni mwendo mzuri. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na kukubali si kutamka kwa mdomo tu, bali ni kurudi ubaoni, mfalme wako amekwisha kuanguka, na kuanza tena toka hatua ya kwanza. Basi wadogo zangu, mkishindwa mwaka huu, iwe ubaoni, iwe uwanjani, iwe katika mtihani, tunzeni karatasi zenu.